Karamoja Bell: Mwindaji wa ndovu aliyetamba kwa bunduki ndogo

VIJANA wengi wa Kaloleni wanaijua hadithi ya simba wa Tsavo waliokula vibarua wa reli. Walter Bell je? Huyu alikuwa yatima kutoka Uskoti, aliyetua huku mwaka wa 1897 akiwa bado tineja, akapewa kibarua cha kuwinda simba waliosumbua wajenzi wa reli hiyo hiyo.

Hakukaa. Alienda kusaka dhahabu Kanada, akapigana vita vya Makaburu Afrika Kusini, kisha akarudi. Safari hii alitaka pembe za ndovu. Misafara ilifungasha Mumias ikielekea Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, na ndiko alikopata jina Karamoja Bell, lililomganda hadi kifo chake 1954.

Sasa bunduki. Wazungu wenzake waliamini ndovu ni wa kuangushwa na mzinga wa mitutu miwili, unaokupiga begani kama teke la punda. Bell alipenda .275 ya Rigby, nyepesi. Jina hilo lenyewe lina ujanja: risasi ni ile ya Mauser ya Ujerumani, ya milimita 7, iliyotoka 1892. Rigby, watengenezaji bunduki wa London, waliitaja kwa inchi walivyozoea Waingereza, na milimita 7 zikawa inchi 0.275. Risasi ile ile, jina jipya. Tena ndiyo Makaburu waliyowamiminia Waingereza vitani!

Ujasiri pekee haukutosha. Bell alipasua fuvu la ndovu kwa msumeno aone ubongo umekaa wapi, kisha akawa analenga hapo tu, kwa risasi yenye gamba gumu. Gramu 11 hivi, na mnyama wa tani kadhaa chini. Aliua zaidi ya ndovu 1,000.

Wawindaji bado wanamsifu. Mimi hesabu hiyo inanikwama kooni. Enzi hizo pembe ziliishia kuwa mipira ya biliadi na vibao vya piano ng'ambo, na wapagazi waliozibeba mabegani hawana bunduki inayosifiwa kwa majina yao.

Kenya ilipiga marufuku uwindaji 1977. Mwaka wa 1989 Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe katika Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi. Rigby nao bado wanauza .275, na jina la Bell bado linatumika kuinadi.