Samuel Kamau Wanjiru (1986–2011): Maisha Mafupi ya Bingwa wa Masafa Marefu

Wahenga walionena kwamba haraka haraka haina baraka wangefaa sana kuwa wakufunzi wa mbio za marathoni. Kwa miaka mingi, wajuzi wa mchezo huo waliamini kuwa kilomita 42 na ushei hazikimbiwi kwa pupa, hasa jua linapowaka. Mkimbiaji hutakiwa ajizuie, aichunge pumzi yake na kuweka akiba ya nguvu kwa ajili ya kilomita za mwisho. Aliyeivunja imani hiyo mbele ya macho ya ulimwengu alikuwa kijana wa miaka 21 kutoka Nyahururu. Makala haya yanasimulia maisha ya kijana huyo, Samuel Kamau Wanjiru, aliyepanda haraka na kuondoka haraka.

Wanjiru alizaliwa tarehe 10 Novemba 1986. Mji wa Nyahururu, ambao enzi za ukoloni uliitwa Thomson's Falls kwa sababu ya maporomoko ya Mto Ewaso Narok, umekaa baina ya milima ya Nyandarua na nyanda za Laikipia, takribani mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi na baridi, na mwili unaozoea kukimbia humo hupata nguvu ya ziada unaposhuka mabondeni. Ingawa sifa za riadha ya Kenya huelekezwa zaidi Bonde la Ufa, eneo hili la kuzunguka Nyandarua na Mlima Kenya limetoa mabingwa wake. John Ngugi, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mbio za nyika mara 5, alijinolea makali Nyahururu. Nyeri iliwatoa Charles Kamathi, bingwa wa dunia wa mita 10,000 mwaka 2001, na Catherine Ndereba, bingwa wa dunia wa marathoni mwaka 2003 na 2007.

Jina alilolipeleka duniani lilikuwa la mama yake. Kwa desturi ya Wagikuyu, mtoto huitwa kwa ubini wa baba. Yule anayelelewa na mama peke yake huchukua jina la mama. Wanjiru ni jina la kike, nalo ni la mmoja wa mabinti wa Mumbi katika masimulizi ya asili ya jamii hiyo. Kwa hiyo kila mtangazaji aliyelitamka jina la bingwa huyu alikuwa, pasipo kujua, akimtaja mwanamke aliyemlea katika ufukara. Umaskini huo ndio uliomkatiza masomo kwa kukosa karo, ukamwacha na miguu yake tu kuwa mtaji.

Mwaka 2002, akiwa na umri wa miaka 15, alipata nafasi ya kusoma Japani katika Shule ya Sekondari ya Ikuei, mjini Sendai. Njia hiyo ilikuwa imekwisha kukanyagwa na Wakenya wengine. Douglas Wakiihuri, aliyepata medali ya fedha katika marathoni ya Olimpiki ya Seoul mwaka 1988, alikuwa amejifunzia huko, na vivyo hivyo Erick Wainaina, aliyepata shaba Atlanta mwaka 1996 na fedha Sydney mwaka 2000. Wanjiru alijifunza Kijapani akakimudu. Alikimbia pia ekideni, mbio za barabarani za kupokezana ambamo wakimbiaji hupeana mshipi wa kitambaa badala ya kijiti, na akaisaidia shule yake kutwaa ubingwa wa taifa. Neno alilopenda kulitaja baadaye lilikuwa gaman, ambalo kwa Kijapani ni kustahimili maumivu bila kulalama. Mswahili angesema subira, lakini subira hii ni ya mtu anayekwenda mbio.

Baada ya shule alijiunga na timu ya kampuni ya Toyota Kyushu chini ya mkufunzi Koichi Morishita, mshindi wa medali ya fedha ya marathoni katika Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992. Mwaka 2005, kabla hajatimiza miaka 19, alikimbia mita 10,000 mjini Brussels kwa dakika 26 na sekunde 41.75, rekodi ya dunia ya vijana. Majuma machache baadaye, mjini Rotterdam, aliivunja rekodi ya nusu marathoni ya Paul Tergat kwa kukimbia dakika 59 na sekunde 16. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alipoichukua rekodi hiyo mwaka 2006, Wanjiru aliirudisha mwaka uliofuata, kisha akaipunguza tena hadi dakika 58 na sekunde 33. Mwishoni mwa mwaka 2007 alishinda marathoni yake ya kwanza huko Fukuoka.

Asubuhi ya tarehe 24 Agosti 2008, Kenya ilikuwa haijawahi kupata dhahabu ya Olimpiki katika marathoni. Wiki moja kabla ya hapo, Ndereba alikuwa ameambulia fedha kwa mara ya pili mfululizo. Jua la Beijing lilikuwa kali na wengi walitarajia mwendo wa kuviziana. Wanjiru hakungoja. Kilomita 5 za mwanzo zilikatwa kwa chini ya dakika 15, naye akaendelea kubadilisha kasi, akiwachosha wenzake mmoja baada ya mwingine. Jaouad Gharib wa Morocco, bingwa wa dunia mara 2, ndiye aliyemng'ang'ania hadi karibu na mwisho, kisha naye akaachwa. Wanjiru aliingia uwanjani peke yake, akamaliza kwa saa 2, dakika 6 na sekunde 32. Rekodi ya Olimpiki ya Carlos Lopes wa Ureno, iliyodumu tangu mwaka 1984, ilipunguzwa kwa karibu dakika 3. Hii mpya nayo ilidumu miaka 16, hadi Tamirat Tola wa Ethiopia alipoivunja mjini Paris mwaka 2024 kwa sekunde 6 tu.

Mwaka 2009 alishinda London na Chicago. Mwaka 2010 alijiondoa katikati ya mbio za London kwa maumivu ya goti, na wengi wakadhani jua lake limeanza kutua. Mwezi Oktoba alirudi Chicago akiwa hajajiandaa vyema. Tsegaye Kebede wa Ethiopia alimshambulia mara kadhaa, na kila mara Wanjiru alirudi ubavuni pake. Karibu na utepe alichomoka, akashinda kwa sekunde 19. Wapenzi wengi wa riadha huuhesabu ushindi huo kuwa mkubwa kuliko ule wa Beijing, kwa sababu siku hiyo mwili haukuwa tayari na moyo ndio uliokimbia.

Huko Japani siku zake zilikuwa zimepangwa na shule na timu. Nyumbani, utajiri na umaarufu vilimjia kwa pamoja akiwa bado kijana. Ndoa yake iliingia katika misukosuko iliyoanikwa magazetini, na Desemba 2010 alifikishwa mahakamani kwa mashtaka yaliyojumuisha kumiliki bunduki kinyume cha sheria, ambayo aliyakana. Usiku wa tarehe 15 Mei 2011 alianguka kutoka roshani ya nyumba yake mjini Nyahururu, akafariki dunia akiwa na miaka 24. Polisi na jamaa hawakuafikiana kuhusu chanzo cha kifo hicho, na mabishano yalichelewesha mazishi hadi mwezi Juni.

Wanjiru aliwaachia wanariadha waliomfuata mambo mawili. La kwanza ni ujasiri: baada ya Beijing, marathoni za ubingwa hazikuogopwa tena kukimbiwa kwa kasi, na Eliud Kipchoge aliiletea Kenya dhahabu nyingine mwaka 2016 na 2021. La pili ni onyo kwa vyama vya michezo na jamii kwa jumla. Taifa lililomwandalia kijana huyu shangwe za kumpokea halikumwandalia mshauri wa kumwongoza shangwe zilipokwisha. Mti huu ulizaa kabla ya kukomaa. Waliokula matunda yake walikuwa wengi, bali waliouegemeza ulipoinama walikuwa wachache mno.