Claude Chappe na Mnyororo wa Vituo

Ndugu askari wa jeshi na wa polisi, amri tunazozipokea na taarifa tunazozituma siku hizi, nyingi hupita katika mitandao ya kompyuta. Wengi wetu hudhani kwamba mambo hayo ni mageni kabisa. Leo tunasimulia maisha ya Claude Chappe, Mfaransa aliyeitumia misingi ya mtandao kabla ya waya za umeme kuanza kupeleka habari.

Chappe alizaliwa mwaka 1763 katika mji mdogo wa Brûlon. Alisomea ukasisi, lakini mapinduzi yaliyoanza mwaka 1789 yalimnyima riziki aliyoipata kanisani, akarudi kwao. Hapo yeye na ndugu zake wakatafuta njia ya kupeleka habari upesi kuliko farasi. Machi 1791 walifaulu kupeleka ujumbe kutoka Brûlon hadi Parcé, umbali wa kilomita zipatazo 14.

Mwaka 1792, huko Belleville karibu na Paris, umati ulivunja vyombo vyake, ukimshuku kuwa anawasiliana kwa siri na mfalme aliyekuwa kifungoni. Chappe hakukata tamaa. Baada ya majaribio ya Julai 1793, serikali iliamuru njia ijengwe kutoka Paris hadi Lille, zaidi ya kilomita 200, kwani majeshi yalikuwa yakipigana upande wa kaskazini.

Juu ya kila kituo palikuwa na mlingoti wenye ubao mrefu uliozunguka, na mikono miwili kwenye ncha zake. Kila mkao ulikuwa alama. Mlinzi alikitazama kwa darubini kituo kilichotangulia, akaiga alama, kisha akahakikisha kwamba kituo kilichofuata kimeiiga sawasawa. Palikuwa na alama za kuanza, za kumaliza na za kufuta kosa. Walinzi wa njiani hawakujua maana ya ujumbe. Kitabu cha kuufumbua kilikuwa kwa wakuu wa miisho ya njia. Tarehe 30 Agosti 1794, habari za kukombolewa kwa mji wa Condé zilifika Paris, na bunge likatuma jibu siku hiyo hiyo.

Mitandao ya leo hufuata mwendo huo. Kompyuta huukata ujumbe katika vifungu, kila kimoja na anwani ya kinakokwenda. Chombo kiitwacho ruta husoma anwani hiyo na kukipitisha kifungu mbele, kituo hadi kituo. Kanuni zinazofuatwa na vyombo vyote huitwa itifaki. Kwa kanuni hizo, kifungu kilichopotea njiani huweza kutumwa tena. Ujumbe wa siri hufungwa kwa fumbo, ili vyombo vya njiani visiweze kuusoma.

Chappe hakufaidi sana matunda ya jasho lake. Wapinzani walidai kwamba uvumbuzi ule ulikuwa wao, naye akazongwa na huzuni. Tarehe 23 Januari 1805 alijitupa kisimani mjini Paris, akafa. Ndugu zake waliiendeleza kazi, hata vituo vikazidi 500.

Miaka mingi baadaye likatokea jambo la kutufunza. Kati ya mwaka 1834 na 1836, wafanyabiashara wawili ndugu wa Bordeaux walimhonga mtumishi wa kituo cha Tours atie alama zao katika ujumbe wa serikali, ili wajue mwelekeo wa soko la hisa la Paris kabla ya wenzao. Milingoti ilikuwa mizima, kanuni zilikuwa nzuri, na kitabu cha siri hakikuibwa. Kilichooza ni uaminifu wa mtu mmoja katika kituo kimoja.

Basi, ndugu zetu, anayemwazima mwenzake neno la siri la kompyuta ya kazini, au anayechomeka humo kifaa asichojua kilikotoka, huufungulia adui mlango wa mnyororo mzima. Kila mmoja wetu ni mlinzi wa kituo chake.