Gari Likumbukwe, Dereva Asahauliwe?

Wapenzi wa magari ya kale wana bidii ambayo wanahistoria wengi wangeitamani. Mmoja wao apatapo gari la mashindano la miaka ya 1920, huisoma nambari iliyogongwa kwenye fremu na injini, akapekua hati za mauzo, orodha za mashindano na picha zilizochujuka, mpaka ajue ni nani aliyelinunua, lilikimbia wapi na lilishika nafasi gani. Hakubali uvumi, hudai ushahidi. Laiti binadamu nao wangetendewa hivyo!

Nalisema hili kwa sababu ya Hélène Delangle, Mfaransa aliyezaliwa mwaka wa 1900 katika kijiji cha Aunay-sous-Auneau. Angali msichana alikwenda Paris, akapata sifa kwa kucheza dansi jukwaani kwa jina la Hellé Nice. Alipoumia goti thelujini na kushindwa kuendelea na dansi, aligeukia usukani.

Mwaka wa 1929 ndio uliomtoa. Mwezi wa Juni alishinda mashindano ya wanawake katika uwanja wa Montlhéry, karibu na Paris. Desemba alirejea uwanjani humo na gari aina ya Bugatti 35C, akakimbia kwa takriban kilomita 198 kwa saa na kuweka rekodi ya wanawake. Ikumbukwe kwamba wanawake wa Ufaransa hawakupewa haki ya kupiga kura hadi mwaka wa 1944. Hata hivyo, katika miaka ya 1930 alishindana na wanaume bega kwa bega, kwanza katika Bugatti, kisha katika Alfa Romeo.

Mwaka wa 1936, jijini São Paulo nchini Brazil, gari lake lilipoteza mwelekeo likawavamia watazamaji. Watu kadhaa walifariki, naye akazirai kwa siku kadhaa. Mwaka uliofuata alikuwa tena Montlhéry pamoja na wanawake wenzake, wakipokezana usukani usiku na mchana na kuweka rekodi za masafa marefu.

Kilichomwangusha hatimaye hakikuwa gari, bali ulimi. Mwaka wa 1949, katika karamu ya mashindano ya Monte Carlo, dereva bingwa Louis Chiron alimshutumu hadharani kwamba aliwatumikia Gestapo, polisi wa siri wa Ujerumani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Hakutoa ushahidi wowote. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani, na hata nyaraka zilipochunguzwa miaka mingi baadaye, shutuma hiyo haikuthibitishwa. Lakini vidonda vya vita vilikuwa vibichi, na neno la bingwa lilitosha. Wafadhili walimwacha, marafiki wakamkimbia. Alifariki mwaka wa 1984 katika mji wa Nice, fukara, akiwa amesaidiwa na shirika la hisani. Jina lake halikuandikwa kwenye kaburi la jamaa zake. Ni baada ya kitabu kuhusu maisha yake kutolewa mwaka wa 2004 ndipo watu walipoanza kumkumbuka, na mwaka wa 2010 kibao chenye jina lake kikawekwa kaburini.

Wakati huohuo, magari ya Bugatti 35C yalizidi kupanda bei, na lile lililoendeshwa na dereva mashuhuri hupanda zaidi. Ni ajabu iliyoje kwamba jina la mtu laweza kuongeza thamani ya chuma ilhali mwenyewe alikosa kodi ya chumba!

Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Walimu wetu wa historia na wawafundishe wanafunzi kuuliza swali lile aulizalo mnunuzi wa gari la kale: ushahidi u wapi? Mnunuzi akikosea hupoteza fedha. Jamii ikikosea kuhusu mtu humpotezea maisha, na kibao cha kaburini hakiyarudishi.