Lumumba na chama kilichopasuka

Kwetu Burungu, kwenye vilima vya Masisi, jina la Patrice Lumumba halihitaji maelezo. Mtoto hulisikia kabla hajaanza shule, na wazee hulitaja pamoja na maneno mawili tu: uhuru na Wabelgiji. Hata hapa kitivoni nimeona kwamba maisha yake husimuliwa kama ugomvi wa watu wawili, yeye upande huu na mkoloni upande ule. Mimi nataka kuyapitia kwa mlango mwingine, mlango wa chama chake. Ufa uliokipasua chama hicho Julai 1959, wakati nchi ikielekea kwenye mazungumzo ya kuachana na Ubelgiji, ndio uliowatoa karibu watu wote waliokuja kumwangusha.

Alizaliwa tarehe 2 Julai 1925 katika kijiji cha Onalua, Sankuru, katika jamii ya Watetela. Akasoma katika shule za misheni, za Wakatoliki na za Wamethodisti, akaondoka bado kijana kwenda kutafuta kazi Maniema, kwenye kampuni ya madini ya bati, kisha Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani. Huko akawa karani wa posta. Kwa sisi wanafunzi wa lugha, hapo ndipo pa kusimama kidogo. Kitetela alikinyonya kwa mama, Kiswahili na Lingala alivipata njiani na kazini, na Kifaransa alikipigania kwa kusoma usiku na kuandika makala katika magazeti ya Waafrika wachache waliokuwa na elimu. Kila lugha ilimfungulia watu wengine. Wanasiasa wengi wa kizazi chake walikuwa na kabila moja nyuma yao na Kifaransa mbele yao. Yeye aliweza kushuka katika mji wa mashariki asiouzaliwa na bado akaeleweka sokoni.

Katika miaka hiyo ya 1950 hakuwa mpinzani wa Ubelgiji. Serikali ya koloni ilikuwa ikihubiri kitu ilichokiita Jumuiya ya Ubelgiji na Kongo: nchi mbili katika muungano mmoja, chini ya mfalme mmoja, ambamo Mwafrika angepandishwa daraja polepole. Lumumba aliiamini jumuiya hiyo. Aliomba cheti cha kutambuliwa kuwa amestaarabika kwa kipimo cha Kizungu, akanyimwa kwanza, akakipata mwaka 1954. Mwaka 1956 alialikwa kutembelea Ubelgiji, na aliporudi akakamatwa kwa kosa la kuchukua fedha za posta, akafungwa. Gerezani aliandika kitabu kizima kuhusu mustakabali wa Kongo, na kitabu hicho kilichotoka baada ya kifo chake bado kinautetea muungano. Nasikia wasomaji wengine wakikionea haya. Mimi nadhani kinafaa kusomwa, kwa sababu kinaonyesha mtu alikotoka kabla ya kugeuka.

Alitoka gerezani mwaka 1957, akahamia Léopoldville, akapata kazi ya kutangaza bia ya Polar iliyokuwa ikishindana na Primus. Kazi hiyo ilimpeleka kwenye kila baa ya mji, na aliyejua kusikiliza aliona kwamba muuzaji yule alikuwa akijenga jina. Tarehe 10 Oktoba 1958 yeye na wenzake waliunda Vuguvugu la Kitaifa la Kongo, yaani MNC. Waliokuwamo ni pamoja na Joseph Ileo, Cyrille Adoula, Joseph Ngalula na Gaston Diomi. Msomaji ayashike majina hayo, maana yatarudi. Ileo hasa hakuwa mgeni wa siasa: mwaka 1956 alikuwa mstari wa mbele kati ya walioandika ilani ya jarida la Conscience africaine, iliyokubali mpango wa kufikia uhuru kwa miaka thelathini.

Desemba 1958 Lumumba, Diomi na Ngalula walikwenda Accra kwenye mkutano wa watu wa Afrika ulioitishwa katika nchi ya Nkrumah. Lumumba alirudi akiwa mtu mwingine. Kuanzia hapo hakutaka tena jumuiya wala miaka thelathini. Tarehe 4 Januari 1959 Léopoldville ikalipuka kwa ghasia, na siku tisa baadaye Mfalme Baudouin akatangaza kwamba Kongo itapewa uhuru, bila kusema lini. Swali la kuondoka likawa limejibiwa. Yaliyobaki yalikuwa mawili: kwa haraka gani, na kwa nchi ya namna gani, moja yenye serikali kuu yenye nguvu au shirikisho la majimbo.

Hapo ndipo chama kilipopasuka. Julai 1959 Ileo, Adoula na Ngalula walijaribu kumwondoa Lumumba kwenye uongozi. Walimlaumu kwamba anaamua peke yake na kwamba chama kimekuwa yeye. Walishindwa kumng'oa, kwa hiyo wakajitenga na kumweka Albert Kalonji wa Kasai kuwa mkuu wao. Tangu siku hiyo palikuwa na MNC mbili, ya Lumumba na ya Kalonji, na ile ya pili ikavutwa upande wa shirikisho. Lawama zao hazikuwa za uongo mtupu. Lumumba alikuwa na haraka, alichoka upesi na vikao, na aliwaona waliopunguza mwendo kuwa wamenunuliwa. Ila kumbuka pia kwamba chama kilikuwa na miezi tisa tu tangu kuzaliwa, na kilitakiwa kufanya kazi ambayo vyama vya nchi nyingine vilipewa miaka mingi kuifanya.

Oktoba mwaka huo tawi lake likafanya kongamano Stanleyville. Ghasia zikazuka, watu wakauawa, naye akakamatwa tarehe 1 Novemba. Kwa hiyo mkutano mkubwa wa Brussels wa kujadili uhuru, ulioitwa Meza ya Duara, ulipofunguliwa tarehe 20 Januari 1960, Kalonji alikuwa ukumbini na Lumumba alikuwa gerezani. Kesho yake akahukumiwa miezi sita. Hapa palitokea jambo ambalo wanafunzi wengi hawalijui: wajumbe wa Kongo, pamoja na wapinzani wake, walikataa kuendelea bila yeye. Walielewa kwamba makubaliano yasiyo na sahihi yake yasingeshika Stanleyville. Akatolewa gereza la Jadotville, akafika Brussels tarehe 26 Januari, na picha za siku hiyo zinaonyesha vifundo vya mikono yake vimefungwa bandeji kwa majeraha ya pingu. Siku iliyofuata tarehe ya uhuru ikatangazwa: 30 Juni 1960. Miezi mitano ya kuunda dola.

Umoja ule wa Brussels ulidumu kwa muda wa mkutano tu. Mambo ya uchumi, kama hisa za makampuni ya madini na madeni, yalijadiliwa kuanzia Aprili, wakati viongozi wakubwa walikuwa nyumbani wakipiga kampeni. Lumumba alimwamini kijana mmoja aliyekuwa mwakilishi wake Brussels, Joseph-Désiré Mobutu. Sheria ya Msingi ya Mei 1960, iliyotumika kama katiba, ilitungwa na bunge la Ubelgiji kwa kufuata mfano wa Ubelgiji, na humo mkuu wa nchi alipewa uwezo wa kuteua na kuachisha mawaziri. Kwa Wabelgiji uwezo huo wa mfalme ulikuwa desturi ya karatasi. Kongo uliangukia mikononi mwa rais aliye hai, mwenye chama chake.

Na sisi wa Masisi tuna kipande chetu. Tangu 1937 hadi 1955 serikali ya koloni ilihamishia vilimani kwetu maelfu ya watu kutoka Rwanda, ambayo tangu 1925 iliunganishwa na Kongo kiutawala. Brussels ilipokuwa ikifungua fundo kubwa, ilibidi pia iamue nani apige kura, na sheria ya uchaguzi ya Machi 1960 ikawaruhusu wenyeji wa Ruanda-Urundi waliokaa Kongo miaka kumi. Kura ilitatuliwa, uraia uliachwa. Kivu ilikipa chama cha CEREA cha Anicet Kashamura viti 10, kikaungana na Lumumba, na kabla mwaka haujaisha CEREA nayo ilikuwa imegawanyika.

Uchaguzi wa Mei uliipa MNC ya Lumumba viti 33 kati ya 137, vingi kuliko chama chochote lakini mbali na wingi wa kutawala. Aliunda serikali ya muungano wa vyama vingi iliyopata kura 74 za wabunge. Joseph Kasa-Vubu wa ABAKO akawa rais. Ileo akawa spika wa Seneti. Kalonji hakupewa nafasi aliyoitaka, akabaki nje na kinyongo chake.

Yaliyofuata yanajulikana, nami nitayataja kwa majina yale yale. Jeshi liliasi tarehe 5 Julai, na Katanga ya Moïse Tshombe ikajitenga tarehe 11. Agosti Kalonji akajitangazia Kasai Kusini, Ngalula akiwa waziri mkuu wake. Lumumba alituma jeshi kuirudisha, na askari wakaua raia karibu na Bakwanga. Doa hilo ni lake, na haisaidii kitu kulificha. Tarehe 5 Septemba Kasa-Vubu akatumia kile kifungu cha Sheria ya Msingi kumwachisha kazi, na aliyemteua badala yake ni Ileo. Tarehe 14 Mobutu akachukua madaraka. Usalama wa taifa ukawekwa chini ya Victor Nendaka, ambaye alikuwa kiongozi katika MNC ya Lumumba hadi alipojitenga mwaka huo huo wa 1960. Watu wa Nendaka ndio waliomfuatilia alipotoroka Léopoldville tarehe 27 Novemba akielekea Stanleyville, akakamatwa Kasai siku chache baadaye. Na Agosti 1961, nchi ilipotafuta waziri mkuu wa kuwapatanisha wote, alipatikana Adoula.

Mkono wa Ubelgiji ulikuwapo. Tume ya bunge lao wenyewe ilikiri mwaka 2001 kwamba nchi hiyo ina dhamana ya kimaadili katika kifo chake, na Marekani nayo ilimtaka aondoke. Lakini mkono wa nje ulihitaji milango, na milango mingi ilikuwa imefunguliwa tangu Julai 1959. Tarehe 17 Januari 1961 alipopandishwa ndege pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, mahali pa kwanza palipofikiriwa kuwapeleka palikuwa Bakwanga, kwa Kalonji. Walipelekwa Katanga, wakauawa usiku ule ule. Alikuwa na miaka 35.

Juni 2022 Ubelgiji ilirudisha jino lake moja, mabaki pekee yaliyopatikana. Jeneza lilipelekwa Sankuru alikozaliwa, Kisangani, Katanga, na kuzikwa Kinshasa tarehe 30. Msafara haukupita Kivu. Masisi tulifuatilia kwa redio.