Imam Al-Ghazali: Siku Ulimi Ulipofungika

Yeye ni Abu Hamid Muhammad bin Muhammad Al-Ghazali (Rahimahullah), mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Imam Shafi, madhehebu wanayoyafuata Waislamu wengi wa visiwa vyetu. Alizaliwa mwaka 450 H (1058 M) katika mji wa Tus, Khurasani, katika Iran ya leo.

Malezi yake

Inasimuliwa kuwa baba yake alikuwa maskini, akisokota nyuzi za sufu. Alipokaribia kufa aliwausia wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, kwa rafiki yake mchamungu. Akiba ilipokwisha, rafiki huyo aliwapeleka madrasa, kwani huko wanafunzi walipewa chakula. Baadaye Imam alikiri kuwa waliifuata elimu kwa ajili ya tumbo, lakini elimu ikakataa isipokuwa iwe kwa ajili ya Allah.

Inasimuliwa pia kuwa akirudi kutoka masomoni Jurjan, majambazi walimnyang'anya mfuko wenye daftari zake. Alipomwomba mkubwa wao amrudishie, yule mtu alicheka: elimu gani hiyo inayoondoka na mfuko? Alirudishiwa, lakini hofu ya siku ile ilimfanya akae miaka mitatu akihifadhi yote aliyoyaandika.

Baghdad

Baada ya kusoma Nishapur kwa Imamul-Haramayn Al-Juwayni, aliteuliwa mwaka 484 H na waziri Nidhamul-Mulk kufundisha Madrasa ya Nidhamiyya, Baghdad. Wanafunzi wapatao 300 walihudhuria darsa zake, na heshima yake ikawa kubwa mno.

Hapo ndipo alipojichungua nia yake. Akaona kinachomsukuma kufundisha ni cheo na sifa, akaogopa Akhera yake. Kuanzia Rajab mwaka 488 H, kwa karibu miezi sita, tamaa ya dunia ilimvuta huku na hofu ya Akhera ikimvuta kule. Asubuhi huazimia kuondoka, jioni azma imevunjika. Mwisho ulimi ukafungika. Alijilazimisha kusomesha ili kuwaridhisha wanafunzi, asiweze kutamka neno. Chakula kikawa hakipiti, na matabibu wakaona kuwa maradhi yameanzia moyoni.

Akamwelekea Allah kama mtu asiye na hila. Akagawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto wake, akatoka Baghdad. Alikaa Sham karibu miaka miwili, akazuru Baytul-Maqdis, akahiji.

Aliyotufundisha

Katika miaka hiyo aliandika Ihyaa Ulumid-Din, chenye vitabu 40 ndani yake, kimoja kikiwa juu ya hofu na matumaini. Humo anavifananisha viwili hivyo na mbawa mbili za ndege. Tena matumaini ni hatamu inayomwongoza mnyama, na hofu ni mjeledi unaomzuia asipotee. Mjeledi ukiwa mwepesi mno haufai kitu, na ukizidi humuua mnyama. Hofu inayofaa ni ile inayomwachisha mtu dhambi na kumtia katika utiifu. Ile inayomkatisha tamaa, ikamharibu akili au mwili, hiyo ni ya kulaumiwa.

Alipouliza kipi bora kati ya hivyo viwili, alijibu kwa mfano wa mkate na maji: mwenye njaa apewe mkate, mwenye kiu apewe maji. Aliyeghurika na dunia atiwe hofu, na aliyekata tamaa apewe matumaini.

Ndugu mzazi, hapa pana funzo kwa nyumba zetu. Mtoto anayetishwa kila siku, moyo wake wote hushughulika na fimbo, hata aya aliyoihifadhi jana ikampotea. Na anayesoma kwa ajili ya zawadi tu, huenda akaacha zawadi ikikatika. Tumtazame kwanza ana njaa au ana kiu.

Kufariki kwake

Mwaka 499 H alirudi kufundisha Nishapur, kisha akarejea Tus. Alifariki huko Jumada al-Akhira mwaka 505 H (Disemba 1111 M).

Allah amrehemu, na atujaalie hofu isiyotukatisha tamaa na matumaini yasiyotughuri. Aamin.