Harley Earl: Fundi aliyeyavisha magari mapambo

YEYOTE aliyewahi kusimama kando ya Barabara ya Jogoo jioni, akisubiri gari la kurejea Buruburu au Umoja, ameliona jambo hili. Matatu moja hupita nusu tupu huku vijana wakiitazama tu. Nyingine, ya njia iyo hiyo, inapofika hugombaniwa mlangoni. Tofauti haiko kwenye injini. Iko kwenye bodi: rangi mpya, michoro ubavuni, taa na muziki.

Kulichagua gari kwa sura yake kuna historia ndefu, na sehemu kubwa ya historia hiyo ni maisha ya Mmarekani Harley Earl.

Earl alizaliwa Novemba 22, 1893 mjini Los Angeles. Baba yake alikuwa fundi wa magari ya kukokotwa na farasi, ambaye mnamo 1908 aligeukia kazi ya kuunda bodi za motokaa. Kijana huyo alipelekwa Chuo Kikuu cha Stanford lakini hakuhitimu, na karakana ya baba ndiyo iliyomfunza. Wateja wao walikuwa waigizaji wa filamu za Hollywood, watu waliotaka gari lisilofanana na la jirani. Tom Mix, nyota wa filamu za wachunga ng'ombe, aliundiwa gari lenye tandiko la farasi. Utingo yeyote wa Dandora angelielewa ombi hilo bila kufafanuliwa.

Wakati ambapo mafundi wengi walitafuta umbo kwa kugonga bati, Earl alilifinyanga kwanza kwa udongo. Udongo hukubali kukatwa, kuongezwa na kulainishwa hadi jicho liridhike, na kwa njia hiyo aliweza kuyaunganisha mabawa, boneti na bodi vikawa umbo moja badala ya vipande vilivyokutanishwa kwa bolti.

Ustadi huo ulimvutia Lawrence Fisher, aliyekuwa mkuu wa Cadillac. Earl akaitwa Detroit, na gari la LaSalle alilolibuni likatoka 1927. Ulikuwa mwaka uo huo ambao Henry Ford aliacha kuunda Model T, gari ambalo kwa muda mrefu liliuzwa kwa rangi nyeusi pekee. Mkuu wa General Motors, Alfred Sloan, alikuwa ameng'amua kwamba mtu ambaye tayari ana gari zima hanunui jingine kwa haja, bali kwa tamaa. Akamfungulia Earl idara nzima ya sanaa na rangi. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba kila mwaka gari la mwaka uliotangulia linaonekana kuukuu.

Ajabu ni kwamba Earl mwenyewe hakuwa mchoraji. Mrefu kupita wengi na mpenda suti za rangi nyepesi, aliketi mbele ya kazi za vijana wake akaonyesha kwa kidole mahali pa kushusha na pa kurefusha. Walimwogopa. Alipenda gari refu na la chini, na miaka yake yote kampuni ilielekea huko.

Mapema miaka ya arobaini yeye na wasaidizi wake walionyeshwa ndege ya kivita ya P-38. Mikia yake miwili ilizaa mapezi madogo yaliyotokea nyuma ya Cadillac ya 1948. Mwaka uliofuata ukaleta Coupe de Ville, gari la milango miwili lenye paa la chuma lakini lisilo na nguzo kati ya dirisha la mbele na la nyuma, hivyo vioo vikishushwa ubavu wote huwa wazi. (Jina hilo la Kifaransa likitamkwa Kiswahili hutukumbusha mdudu anayeng'ang'ania ng'ombe, lakini hilo si kosa la Earl.) Kisha ikaja Corvette ya 1953, ambayo 300 pekee ziliundwa mwaka huo, zote nyeupe.

Magari hayo sasa ni hazina ya wakusanyaji, hasa yaliyobaki na vyuma na viti vyake vya awali. Kwetu yamekuwa adimu daima. Usukani wa kushoto haukufaa barabara zetu, na magari ya Uingereza pamoja na Peugeot za Ufaransa ndiyo yaliyotawala. Mkazi wa Nairobi anayetaka kuyaona magari makongwe yaking'arishwa hadi chini ya boneti huenda Ngong Racecourse, ambako mashindano ya Concours d'Elegance yamekuwa yakifanyika.

Mwaka wa 1956 Earl alionja dawa yake mwenyewe. Akiwa safarini Ulaya, mmoja wa vijana wake alichungulia kupitia ua wa kampuni shindani ya Chrysler na kuona magari ya mwaka uliofuata: mepesi, makali, yasiyo na mzigo wa kromu ambao Earl aliupenda. Wabunifu wakaitupa mipango ya bosi wao na kuanza upya bila ruhusa. Aliporudi aliitazama kazi yao, akanyamaza, kisha akaikubali. Mzee huyo, aliyewafunza Wamarekani kuona haya kwa gari la mwaka jana, alikuwa sasa yeye ndiye wa mwaka jana.

Lawama nazo zilifika. Mnamo 1965 Ralph Nader alichapisha kitabu kilichoshutumu viwanda vya magari kwa kuthamini pambo kuliko uhai wa abiria, na mapezi hayakusazwa. Wakazi wa Eastlands waliusikia mjadala wa namna hiyo Februari 2004, kanuni za Waziri John Michuki zilipoleta mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa manjano, na michoro ikafutwa. Mikanda ilistahili. Kuhusu michoro, wachoraji waliopoteza kibarua walikuwa na haki ya kuuliza ni ajali gani iliyosababishwa na rangi. Muongo mmoja baadaye Rais Uhuru Kenyatta aliiunga mkono sanaa hiyo, na nganya zikarudi.

Earl alistaafu mwishoni mwa 1958, Cadillac ya 1959 yenye mapezi marefu kuliko zote ikiwa tayari madukani. Kufikia 1965 kampuni ilikuwa imeyaondoa. Alifariki Aprili 10, 1969 West Palm Beach, Florida, akiwa na umri wa miaka 75.