Maisha ya Sir Albert Cook, Daktari wa Mengo

Mwalimu akiuliza darasani nani ataka kuwa daktari, mikono mingi huinuliwa, na wangu ni mmojawapo. Lakini ukituuliza kazi ya daktari ni nini, wengi tutakutajia sindano, vidonge, kisu cha kupasulia na mashine za kupiga picha za mifupa. Ni wachache watakaosema kwamba kazi ya kwanza ya daktari ni kuketi karibu na mgonjwa, kumwuliza vizuri, kumsikiliza, kumpima kwa macho na mikono, kisha kuyaandika yote aliyoyasikia na kuyaona. Hayo ndiyo wanayofundishwa wanafunzi wa udaktari kabla ya kuruhusiwa kuandika dawa. Kwa hiyo nataka kuwaelezeni habari za mtu aliyeifanya kazi hiyo kwa bidii katika nchi ya jirani yetu, Uganda, na faida yake ikaonekana hata baada ya yeye kufa.

Albert Ruskin Cook alizaliwa Hampstead, London, mwaka 1870. Alisoma Cambridge katika chuo cha Trinity, kisha akajifunza udaktari katika hospitali ya St Bartholomew's, London, hospitali ya zamani sana iliyoanzishwa mwaka 1123. Katika hospitali za London siku zile mwanafunzi hakukaa darasani tu. Alipewa wagonjwa wake wodini, akawauliza habari zao, akawapima, akaandika, kisha akamsomea mwalimu kando ya kitanda. Desturi hiyo ilimpendeza sana William Osler, daktari mashuhuri kutoka Kanada. Shule ya udaktari ya Johns Hopkins ilipofunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1893, Osler aliwatoa wanafunzi wake darasani akawapeleka kwa wagonjwa. Leo karibu dunia yote hufundisha hivyo.

Yafaa nieleze kidogo namna ya kazi yenyewe. Kwanza ni kuuliza: waumwa wapi, tangu lini, ulianzaje, je, ugonjwa umehama, nyumbani kuna mwingine aliyeugua, ulisafiri wapi. Kisha huja mambo manne: kutazama, kupapasa, kugonga na kusikiliza. Kugonga kulianzishwa na Leopold Auenbrugger wa Austria, aliyeandika habari zake mwaka 1761. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni, na husemwa kwamba huko ndiko mtoto alikoona mapipa yakigongwa ili kujua kinywaji kimefika wapi. Jambo hili kwetu si geni. Hapa Atlabara mtu akitaka kujua pipa lake la maji limebaki na kiasi gani, huligonga ubavuni. Penye maji sauti ni nzito, na pasipo maji sauti ni ya wazi. Kifua cha mtu nacho ni vivyo hivyo. Kusikiliza kwa chombo kulianza mwaka 1816, Mfaransa René Laennec alipokunja karatasi kama bomba akasikia moyo wa mgonjwa kwa urahisi. Hiyo ndiyo asili ya stetoskopu tunayoiona shingoni mwa madaktari.

Sasa turudi kwa Cook. Mwaka 1896 alisafiri pamoja na wamisionari wa C.M.S. mpaka Mombasa. Reli ya Uganda ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kujengwa, kwa hiyo msafara wao ulikwenda kwa miguu mpaka Mengo, ukafika mwezi wa Februari 1897. Katika msafara huo alikuwamo muuguzi mmoja, Katharine Timpson. Yeye na Cook walianza kuwatibu watu mara moja katika kilima cha Namirembe, katika nyumba za matete na nyasi. Walioana mwaka 1900. Kabla ya hapo, mwaka 1899, ndugu yake Albert aitwaye Jack, naye daktari, alikuja kuwasaidia. Mwaka 1902 radi iliipiga hospitali ikateketea kwa moto. Hawakukata tamaa, walijenga nyingine ya matofali, ikafunguliwa mwaka 1904.

Mwaka ule ule wa 1897 Cook alikutana na watu waliotoka pande zetu. Askari Wasudani wa serikali ya Uganda waliasi, na wengi wao walikuwa wa jeshi la zamani la Emin Pasha, lililokuwa na vituo vyake hapa Ikweta, kama Lado na Rejaf, karibu na Juba yetu. Vita vilipopiganwa Busoga, Cook alikwenda huko kuwatibu majeruhi.

Jambo ninalolisifu zaidi katika maisha yake ni lugha. Cook aliona kwamba daktari asiyejua kuuliza ni kama kipofu, na hawezi kuuliza kwa lugha ambayo mgonjwa haijui. Alijifunza Luganda, kisha akatunga kitabu cha maneno na maswali ya uganga kwa lugha hiyo, ili madaktari wanaokuja nyuma yake wapate kuwauliza wagonjwa maumivu yao.

Sisi wa Juba twajua uzito wa jambo hili. Nchi yetu ina lugha zaidi ya 60. Katika mtaa wetu wa Atlabara nyumba hii wasema Kibari, ile ya pili Kidinka, ya tatu Kizande, na wote hukutana kwa Kiarabu cha Juba. Sisi tuliolelewa Kenya na Uganda wakati wa vita twaongeza Kiswahili. Mwaka jana nilimsindikiza bibi mmoja, jirani yetu, ili niwe mkalimani wake. Katika zahanati ya kwanza sikuwa hata nimemaliza kufasiri maneno yake, tayari karatasi ya dawa za malaria ilikuwa imeandikwa. Hakuna aliyemgusa. Juma moja baadaye hali yake ilikuwa mbaya zaidi, tukaenda kwingine. Huko mganga kijana aliketi. Aliniambia nisifupishe, nifasiri neno kwa neno. Akajua kwamba bibi alikuwa akikohoa tangu mvua za kwanza, kwamba usiku alitokwa na jasho, na kwamba nguo zake zilikuwa zimempwaya. Kisha akamgonga mgongoni kwa vidole. Upande wa kulia chini ukatoa sauti nzito, kama pipa lenye maji. Alimpeleka hospitali, ikathibitishwa kwamba ni kifua kikuu na kwamba maji yamejaa kando ya pafu. Bibi alikunywa dawa miezi sita, na leo anapika mwenyewe. Mganga yule hakuwa na mashine yoyote mezani pake. Alikuwa na masikio, vidole na subira.

Masikio na vidole hivyo ndivyo vilivyowasaidia ndugu wawili wa Mengo mwaka 1901. Walianza kuona wagonjwa wa namna mpya: watu waliokonda, wenye homa za kurudiarudia, ambao mwishowe walisinzia mchana hata chakula kikiwa mkononi. Cook na Jack waliyaandika yote, wakatambua kwamba ni ugonjwa wa malale, uliokuwa haujajulikana bado huko Uganda. Habari zilipofika Uingereza, wataalamu walitumwa. Huko Entebbe, Aldo Castellani aliviona vijidudu katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, na mwaka 1903 David Bruce akaonyesha kwamba mbung'o ndiye anayevieneza. Hata hivyo msiba ulikuwa mkubwa. Katika Busoga na Buganda watu waliokufa kwa malale hukadiriwa kuwa zaidi ya 200,000. Hata sisi wa Sudani Kusini twaujua ugonjwa huu, hasa upande wa Yambio na Tambura, na mpaka leo mganga hupapasa tezi za nyuma ya shingo akiutafuta.

Lakini nisimsifu Cook kupita kiasi. Alikuwa mtu, na alikosea. Alidhani kwamba kaswende imewaenea watu wa Buganda kwa wingi mno, na maneno yake na ya madaktari wenzake yaliwatia watu wengi aibu. Madaktari waliokuja baadaye waliona kwamba wengi wa wagonjwa wale huenda walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine wa ngozi unaofanana na kaswende lakini usioambukizwa kwa zinaa. Hapa pana funzo. Macho na mikono huona kidonda, lakini akili ya mtu ikiwa imekwisha kuamua kabla ya kuuliza, kidonda kile kile kitamdanganya.

Cook na mkewe hawakutaka elimu yao ifie mikononi mwao. Walifungua huko Mengo shule ya wakunga, wakaandika kitabu cha ukunga kwa Luganda, ili mwanamke wa kijijini ajue kumpima mama mjamzito na kutambua hatari mapema. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Cook alianza kuwafundisha Waafrika kazi ya wasaidizi wa daktari. Watu wengi siku zile hawakuamini kwamba Mwafrika aweza kuwa daktari. Cook aliunga mkono kuanzishwa kwa mafunzo makubwa zaidi, na mwaka 1924 yakaanza mafunzo ya udaktari ya Makerere katika hospitali ya Mulago. Huko wamesomea madaktari wengi wa Afrika Mashariki, na miongoni mwao wamo wa nchi yetu pia.

Mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir. Mkewe alifariki mwaka 1938. Yeye mwenyewe alipostaafu hakurudi kwao, alibaki Kampala mpaka alipofariki mwaka 1951, akazikwa Namirembe, kilima kile kile alichofikia kwa miguu alipokuwa kijana.

Lakini karatasi zake hazikuzikwa. Tangu mwaka 1897 habari za wagonjwa wa Mengo ziliandikwa na kuhifadhiwa: mtu ametoka wapi, ameumwa tangu lini, uvimbe uko wapi, una ukubwa gani. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Mulago, alieleza juu ya saratani inayowashika watoto katika taya. Watu wakauliza kama ugonjwa huo ni mpya. Madaktari walirudi kwenye karatasi za Mengo, wakakuta kwamba Cook alikwisha kuwaona watoto kama hao miaka mingi kabla yake. Mwaka 1964 J. N. P. Davies na wenzake walitoa taarifa juu ya saratani katika watu wa Buganda tangu 1897 hata 1956, na msingi wake ulikuwa karatasi hizo. Mwandishi alikuwa kaburini miaka 13, na bado alikuwa akifundisha.

Wenzangu, Chuo Kikuu chetu cha Juba kina shule ya udaktari, na wanafunzi wake hujifunza kando ya vitanda vya wagonjwa kama Cook alivyojifunza London. Baadhi yetu tutakwenda huko, Mungu akipenda, na baadhi ya wanafunzi wetu wa zamani wamekwisha kufika. Mashine katika nchi yetu ni chache, na umeme hukatika. Lakini kuuliza hakuhitaji umeme, wala kupapasa hakuhitaji mafuta ya jenereta. Tuanze sasa, hata kabla ya kufika chuoni: tujifunze lugha za majirani zetu, tumwache mtu amalize maneno yake, na tuandike kwa hati inayosomeka. Huenda siku moja mtu tusiyemjua akaisoma.